Uzi wa Balbu

Kilichomleta Wilbrod Lachance kwenye gereji yangu,
Prince Albert, Novemba, baridi ishirini chini ya sifuri,
si injini. Injini ya hiyo Ford ya tisini na tatu
inapumua vizuri kuliko kifua chake.
Ni kishika mwendo. Unabonyeza kitufe,
kitaa kinawaka, gari halishiki kitu.

"Na goti lenyewe hili," alisema, akilipiga kofi
kama mtu anayemtambulisha ndugu asiyefaa.
Kilomita mia na arobaini kwenda Saskatoon,
mia na arobaini kurudi,
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
mkewe amefungwa kwenye mashine ya kusafishia damu.
Njia imenyooka kama rula. Mguu ulio juu ya mafuta
hauna pa kupumzikia.

Nikaanza na fyuzi, maana fyuzi haina siri:
ikifa, inakuonyesha maiti yake.
Nzima.
Nikalala chini ya usukani, zulia limelowa theluji,
tochi kichwani, mita kifuani, ile ya sindano, ya marehemu baba.
Vitufe: kila kimoja kikataja ukinzani wake bila kigugumizi.
Utepe wa waya ndani ya usukani: nikauzungusha kulia, kushoto,
sindano haikutikisika.
Kihisi cha mwendo: nikainua gurudumu, nikalisukuma kwa mkono,
kikahesabu.
Kompyuta nikaichomoa, nikapima waya utokao breki.
Kanyaga: volti kumi na mbili. Achia: sifuri.
Mashahidi wote wakweli,
na kesi haina mshtakiwa.

Wilbrod alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki,
kofia ya manyoya imemshukia puani.
Nikanywa kahawa iliyopoa. Nikaitazama ile sifuri.

Sifuri ziko mbili, baba alikuwa akisema,
na fundi anayezichanganya atabadilisha gari zima:
sifuri ya waya uliofika kwenye bodi ukatulia,
na sifuri ya waya usiofika popote.
Nikageuza mita ipime njia, isipime nguvu.
Sindano ikabaki palepale,
kwenye ile nane iliyolala chali.

Nikafungua buti.
Taa za breki: mpya, za LED, nyeupe kama meno ya bandia.
"Josette kaniletea," akasema nyuma yangu, kumbe kaamka.
"Siku ya kuzaliwa. Kasema hizi haziungui, nitazikwa nazo."

Nikamweleza, mikono ikiwa ndani ya kioo cha taa.
Kompyuta ya gari hili ni ya kizamani na ina woga wa kizamani.
Kabla haijashika mwendo, hutuma mnong'ono wa umeme
hadi nyuma, upite ndani ya uzi wa balbu ya breki, ufike kwenye bodi.
Ukifika, maana yake balbu ipo, breki ina taa,
kuna namna ya kuachia.
Usipofika, haishiki.
Hizi mpya zinang'aa kuliko zile,
ila mnong'ono haupenyi.

Akanyamaza kitambo. "Yaani haikubali kushika
mpaka ijue itaweza kuachia."
"Ndivyo."
"Hata mimi ningeitaka iwe hivyo," akasema, kisha akaangalia pembeni,
kwenye tairi zangu kuukuu, kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili.

Balbu mbili za uzi, dola tatu kila moja.
Tukatoka naye Barabara ya Kumi na Moja, mimi usukanini.
Kilomita tisini kwa saa. Kitufe.
Pedali ikazama yenyewe chini ya buti langu,
nikakunja mguu, na mashamba ya ngano yaliyovunwa,
meupe, yakaendelea kuja.
Nikagusa breki kwa kidole cha mguu: likaachia.
Nikarudia mara nne. Ya tano ilikuwa yake.

Malipo alihesabu sarafu kwa sarafu.
Zile za LED akazifunga ndani ya leso,
akazitia kwenye kisanduku cha dashibodi, juu ya barua za hospitali.
"Josette akikupigia simu," akasema,
"mwambie ilikuwa fyuzi."